Mkono Niliouficha Chini ya Shuka

Kama nyumbani kwenu kuna mtu aliyepata kiharusi na mkono wake mmoja umejikunja, weka andiko hili chini kwanza, uende ukamfungue kiganja. Fungua taratibu, ukianza na kidole gumba, wala usivute kwa nguvu. Kisha sogeza pua. Kama kinanuka, kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukikaushe vizuri mpaka katikati ya vidole, halafu urudi tuendelee. Nitakusubiri.

Mimi ni bwana mifugo mstaafu. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilizunguka Busawe na vijiji vya jirani nikichanja ng'ombe, nikipasua majipu, nikiingiza mkono mpaka begani kumgeuza ndama aliyekwama. Nimewahi kutoa kondo la nyuma lililooza siku nne tumboni mwa ng'ombe, nikanawa, nikala ugali na mwenye ng'ombe. Watu waliponiuliza kama sioni kinyaa nilicheka. Nilidhani kinyaa ni tabia ya watu wa ofisini. Kumbe nilikuwa bado sijaugua.

Kiharusi kilinikuta wakati wa vuli, zizini kwa jirani, nikimsaidia kuchanja mbuzi. Bomba la sindano lilinidondoka. Nikainama kuliokota, mkono wa kulia haukwenda. Nikamwambia jirani anishike, maneno yakatoka kama ya mlevi.

Akacheka. "Daktari, leo umeanza mapema."

Ilibidi nianguke juu ya mbuzi ndipo akaamini.

Hospitalini Mugumu, siku ya tatu, nilikalishwa kwenye benchi la korido kusubiri kipimo. Mate yalikuwa yakinitoka upande mmoja wa mdomo bila mimi kujua, mpaka nilipoona shati limelowa hadi kitovuni. Mama aliyekaa karibu nami alinitazama, akahamisha kikapu chake, kisha akajihamisha na yeye. Simlaumu. Hata mimi ningehama kama ningeweza. Uji niliolishwa asubuhi niliukuta mchana bado umejificha ndani ya shavu, umechacha.

Sasa nieleze jambo ambalo watu huliruka wanaposimulia ugonjwa huu. Kwetu mtu hujisafisha chooni kwa mikono miwili: wa kulia unashika kopo na kumimina maji, wa kushoto unaosha. Baadaye wa kulia ndio unaokula. Mkono wangu wa kulia ulikufa, na huo mmoja uliobaki haukuweza kumimina na kuosha kwa wakati mmoja. Kwa hiyo nilisafishwa na mtu, na chakula nikakila kwa mkono wa kushoto. Kila tonge nililitazama kabla halijafika mdomoni. Hata sabuni ikiwa imepita mara tatu, bado nilinusa vidole. Nilikonda si kwa sababu ya ugonjwa, bali kwa sababu nilikuwa naionea kinyaa njia ambayo chakula kilipitia.

Tangu siku hizo sikuomba kutembea vizuri wala kuandika. Niliomba kitu kimoja, mkono wa kulia ushike kopo.

Mke wangu alifariki miaka minne kabla ya haya. Mwanangu Marwa ni mpishi kwenye kambi ya watalii upande wa Natta, hurudi nyumbani kila baada ya wiki sita. Nilibaki na mkewe, Bhoke. Yeye hakuweza kunisafisha, na sababu nitaieleza. Aliyenisafisha ni Chacha, mfugaji wa jirani. Tulitahiriwa siku moja, na kwa Wakurya watu waliotahiriwa siku moja hawana cha kufichana. Alikuja asubuhi kabla ya kufungulia ng'ombe, na jioni baada ya kuwarudisha, akinuka ugoro.

"Geuka, mura," alikuwa akiniambia, akiniita kijana kwa Kikurya. "Ng'ombe wangu wanajigeuza wenyewe."

"Ng'ombe wako wananuka," nilimjibu kwa ulimi mzito.

"Wananuka majani. Wewe unanuka uzee."

Akanipangusa, akamwaga maji, akanifunga nepi ya watu wazima kwa mikono iliyozoea kufunga ndama. Hakuwahi kugeuza uso. Wiki zile hakuna mtu mwingine aliyenitendea hisani kubwa kuliko hiyo ya kutogeuza uso.

Hospitali walitueleza kwamba mkono unahitaji mazoezi kila siku, hasa miezi ya mwanzo, kwa sababu mwili uliosahau kazi hufundishwa kama mtoto wa darasa la kwanza: jambo lile lile, mara nyingi, na mwalimu akitazama. Lakini kutoka kwetu kwenda Mugumu mara mbili kwa wiki wakati wa mvua, kwa mtu anayebebwa, haikuwezekana. Wakatuunganisha na mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyeko Mwanza, ambaye huwafuatilia wagonjwa majumbani kwa video ya simu. Anaitwa Rehema. Angeweza kuwa binti yangu.

Marwa alituachia simu yake ya tachi. Mtandao wa kubeba video nyumbani kwetu unapatikana sehemu moja tu, kwenye mwinuko nyuma ya banda la mbuzi. Kila Jumanne na Ijumaa, saa nne asubuhi, nilikokotwa na kukalishwa pale kwenye kiti cha plastiki, nimefunikwa shuka. Saa hiyo Chacha alikuwa malishoni. Wa kushika simu alikuwa Bhoke.

Hapa ndipo tulipokosea, na nadhani ni kosa ambalo lingewezekana kwetu tu. Kuna heshima kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe, tunaiita insoni. Mkamwana hampi mkono baba mkwe, haingii chumbani kwake, haoni mwili wake. Vijana wa mjini wameilegeza. Sisi hatukuilegeza. Bhoke ni binti aliyelelewa vizuri, na alilelewa hivyo. Basi aliposhika simu ili Rehema anione, alinipa mgongo. Aliiweka simu begani, kama mtu anayebeba mtungi, akielekeza kioo nyuma kwa kukisia, macho yake yakitazama shamba la mihogo.

Nami niliridhika. Pembeni ya kioo kuna kijisanduku kidogo kinachokuonyesha sura yako mwenyewe, na mara ya kwanza nilipojiona humo, jicho limelegea, shavu limeteremka kama kiwele cha ng'ombe aliyekaushwa maziwa, nilitaka kutapika. Simu ikiyumba na kuonyesha kitu kingine, kwangu ilikuwa nafuu.

Wiki ya kwanza Rehema aliniomba nivue shati aone bega.

"Kuna baridi," nilisema. Jua la saa nne lilikuwa linanichoma utosi.

"Basi dada anayeshika simu aniambie. Dada, unaliona bega la baba? Limekaa sawa na la pili?"

Bhoke akauliza bila kugeuka, akiniita baba kwa Kikurya, "Tata, anauliza kama naliona bega."

"Mwambie unaliona. Liko sawa."

Bhoke akaiambia mihogo, "Naliona, dada. Liko sawa."

Uongo ule ulizaa mwingine. Rehema akisema, "Baba, inua mkono wa kulia mpaka usawa wa kifua," chini ya shuka nilikamata kifundo cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, nikauvuta juu. Shuka likainuka.

"Umeinuka wenyewe?"

"Wenyewe."

"Hongera sana, baba. Unajitahidi kuliko wagonjwa wangu wote."

Alinipa mazoezi magumu zaidi, yanayomfaa mtu ambaye mkono wake umeanza kuamka. Nami niliendelea kuuvuta mkono uliokufa, nikiuning'iniza kwenye bega ambalo halikuwa na nguvu ya kuubeba. Kila alipopongeza nilijisikia vizuri kwa muda wa kutoka kwenye mwinuko mpaka mlangoni. Nikishalazwa kitandani, bega lilianza kuuma kama jino.

Baada ya wiki nane hivi nikaanza kusikia harufu. Nililaumu banda la mbuzi. Nililaumu viatu vya Chacha. Nililaumu shuka, Bhoke akalifua kila siku na kulianika, na harufu ikarudi. Ilinifuata mpaka kwenye chakula. Sikutaka kujua inatoka wapi, na Chacha aliponipangusa nilimkataza kuugusa mkono ule; ninyi mnaouguza mnielewe: mgonjwa anaweza kuishi na uozo wake akaukana, hasa akiwa mtu aliyezoea kuwakagua wengine.

Ijumaa moja Chacha alibaki nyumbani kwa sababu ng'ombe wake alikuwa anachechemea. Akapanda kwenye mwinuko kutazama hayo mazoezi ya kwenye simu. Siku hiyo Rehema alitaka kuona vidole. "Baba, nifungulie kiganja."

Nililikaza shuka. Chacha akavuta shuka, akaushika mkono wangu na kuanza kuukunjua. Ulikuwa umejifunga kama ngumi ya maiti. Kiganja kilipofunguka, inzi wawili walikuwa wameshafika. Ngozi ya ndani ilikuwa nyeupe, imelowa, inamenyuka kama ganda la kiazi kilichochemka sana. Kucha ya kidole cha kati ilikuwa imezama kwenye nyama, na pale ilipozama palitoka ute wa kijani.

Niliijua harufu ile. Ni ya kwato za kondoo waliolala kwenye matope msimu mzima. Nimewafokea wafugaji wengi kwa ajili yake.

Chacha, ambaye hakuwahi kugeuza uso, aligeuza uso. Akatema mate. Kisha akarudi.

"Daktari," alisema kwa sauti ya chini, "hii ingekuwa kwato ya kondoo wa mtu, ungemtukana mwenye kondoo."

"Ningemtukana."

"Kuna nini huko?" Rehema aliuliza. "Mbona naona bati?"

Chacha akaichukua simu begani kwa Bhoke, akaielekeza kwangu. Ilikuwa mara ya kwanza Rehema kuniona mzima mzima.

"Baba," alisema, "wiki nane nimekuwa nikitibu bati la banda la mbuzi."

Akamwelekeza Chacha avute shati, akaona bega limeshuka, kati ya mfupa na mfupa kuna shimo la kuingia vidole viwili. Alisema tuache mazoezi yote, kidonda kikatazamwe hospitali, na bega lifungwe. Halafu akauliza, na sauti yake haikuwa tena ile ya kupongeza, "Nani anashika simu siku zote?"

"Ni mimi, dada," Bhoke alisema, bado ametupa mgongo.

"Si uliniambia unaliona bega?"

"Nilisema."

Nilingoja aongeze kwamba ni mimi niliyemwambia aseme hivyo. Hakuongeza.

Jioni Marwa, aliyekwisha kupewa habari, alipiga, na Bhoke akapokea kwa spika. Kuta za nyumba yetu hazifiki juu, nikasikia kila neno. "Bhoke, kazi yako ilikuwa kushika simu tu. Kushika simu. Hata hilo?" Naye akajibu, "Nimekosa." Nilikuwa nimelala hatua sita kutoka pale, mdomo wangu ulikuwa umeshapona kiasi cha kuweza kusema sentensi tano zikaeleweka. Sikusema hata moja.

Jumamosi walinipeleka Mugumu, nikangoja kwenye benchi lile lile, wakakata kucha, wakasafisha kidonda. Jumapili harufu ilikuwa imepungua, na hapo ndipo nilipojua kwamba kinyaa nilichonacho hakikuwa cha kiganja. Bhoke alileta uji, akauweka kwenye kigoda cha mlangoni kama kawaida, akaniambia, "Tata, uji." Sauti ilikuwa ile ile. Sikuweza kuunywa.

Jumanne nilimwomba Chacha achelewe kutoka na ng'ombe. Nilitaka yeye ashike simu, na Bhoke awe karibu. Nikamwambia Rehema kila kitu: shuka, mkono wa kushoto, baridi ya uongo. Nikamwomba amwingize Marwa kwenye simu ile ile, nikarudia. Ilinichukua muda mrefu, maana ulimi ulikuwa unateleza na udenda unatoka, nami sikuufuta.

Kisha nikazungumza nikiwatazama mbuzi, kwa sababu mkamwana hatazamwi usoni kwa jambo kama hilo. "Mwambieni mama wa nyumba hii kwamba alisema uongo kwa amri yangu. Mimi ndiye niliyekosa."

"Yuko hapo, mura," Chacha alisema. "Ana masikio."

Marwa alikohoa kwenye simu.

"Nimesikia, Tata," Bhoke alisema kutoka upande wa pili wa banda. Halafu akasema, "Maji yako ya kuoga yamechemka," akaondoka.

Hayo ndiyo yaliyosemwa. Sitaki uambiwe kwamba tulilia na kukumbatiana. Marwa alikaa wiki mbili bila kupiga simu kwangu, akipiga kwa mkewe tu, na nilistahili.

Rehema alitufundisha upya, na haya ndiyo ninayotaka uyachukue. Kwanza, simu isishikwe na mtu anayekuonea haya, wala mtu unayemwonea haya wewe. Kama hayupo mwingine, isishikwe na mtu kabisa. Bhoke ndiye aliyepata wazo: alichimbia tawi lenye panda mbele ya kiti, usawa wa kifua changu, akafunga simu pale kwa mpira wa baiskeli. Pili, mwambie mtaalamu desturi zenu siku ya kwanza. Rehema ni mtu wa pwani kwa asili, hakuijua insoni, na hakuna aliyemwambia. Alipoijua hakuicheka. Alihamisha muda wetu kutoka saa nne kwenda saa moja kasoro asubuhi, kabla ng'ombe hawajafunguliwa, ili Chacha awepo. Tatu, vua shati. Utaona haya mara tatu, ya nne utaona baridi tu.

Chacha hakuyazoea haraka maneno ya kitabibu ya Rehema. Kwa hiyo Bhoke alisimama nyuma ya ukuta wa jiko, haoni lakini anasikia, akimtafsiria kwa Kikurya kwa sauti ya kupazwa.

"Anasema usimvute kwa mkono. Mshike kwenye bega na kiwiko."

"Ndama tunamvuta kwa miguu," Chacha alijibu, "na anatoka."

"Shikamoo, baba Chacha," Rehema alisema kwenye simu. "Huyu ameshatoka. Usimvute."

"Marahaba. Wewe binti, umeolewa?"

"Hesabu mpaka kumi, baba."

Februari yote tulifanya jambo moja, kuufungua mkono na kuufunga. Bhoke alishona kijimto cha kitenge cha kukaa ndani ya kiganja, akawa anakiacha mlangoni kila asubuhi kimefuliwa. Masika yalipoanza, kidole gumba kilitikisika. Kilitikisika kama mkia wa mjusi uliokatika, na kusema kweli sikufurahi, nilikitazama nikaona kinatisha. Rehema akasema, "Rudia, baba." Alitaka kuona kwa macho yake, na hakunipongeza mpaka mara ya sita.

Wakati wa palizi ya mtama niliweza kubana kitambaa. Wakati wa mavuno nilishika kopo tupu, nikaliangusha, nikalishika. Tukaweka ndani yake mahindi, kwanza punje ishirini, kisha gao moja la kiganja, kisha mawili. Chacha alikaa mbele yangu akiyaokota yanapomwagika, akisema hata kuku wake wanakula kwa ustaarabu kuliko mimi. Wiki nane nilizopoteza hazikurudi. Bega limebaki chini, na linauma mvua inapokaribia. Kidole cha kati hakinyooki, na ngozi ya kiganja imebaki na rangi ya ajabu, nyororo kama ya kitu kilichozaliwa kabla ya wakati. Sipendi kuitazama. Naitazama kila asubuhi, kwa sababu usipoitazama unajua kinachotokea.

Kiangazi, siku moja ya Alhamisi, nilimwambia Chacha asubiri nje ya choo. Nikaingia na fimbo, nikaegemea ukuta. Nilijaza kopo nusu. Mkono wa kulia ulitetemeka, maji ya kwanza yalimwagika kwenye kiatu, ya pili kwenye suruali. Ya tatu yalifika. Mkono wa kushoto ukafanya kazi yake. Ilinichukua muda ambao mtu mzima angetumia kukamua ng'ombe wawili, na nilitoka nimelowa mpaka magotini.

Chacha alikuwa amechuchumaa, anaweka ugoro puani.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Umejisafisha?"

"Nimejisafisha."

"Niingie nikague?"

"Ukithubutu."

Akapiga chafya, akasimama, akajipangusa mikono kwenye koti ingawa siku hiyo mikono haikuwa na uchafu. Mchana nilinawa, nikala ugali kwa mkono wa kulia. Nusu ilianguka. Niliyoifikisha mdomoni sikuinusa.

Asubuhi iliyofuata nilisikia kengele za ng'ombe wake zikipita nyuma ya nyumba, mapema kuliko kawaida, na hazikusimama. Nilikaa kitandani nikingoja mlango usukumwe. Halafu nikakumbuka kwamba hana tena sababu ya kuja, nikachukua fimbo, nikaenda mwenyewe.